Kufunga pistoni na ringi mpya kwenye pikipiki ya cc 125 ukiwa nyumbani

Maswali ni yale yale. "Pikipiki inatoa moshi, nibadilishe ringi tu?" "Nimefunga pistoni mpya, mbona bado inakula oili?" "Ule mshale juu ya pistoni unatazama wapi?" Majibu yote yako hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Soma mpaka mwisho kabla hujashika spana, maana makosa mengi ya hatua ya 12 huanzia hatua ya 6.

Mfano wetu ni injini ya aina ya CG125: silinda moja, inapozwa na upepo, valvu zinasukumwa na fimbo, yaani pushirodi. Ni muundo wa Honda wa miaka ya 1970 ulioigwa na viwanda vingi vya China, na ndio umebeba bodaboda nyingi za Kichina, SanLG zikiwemo. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, mwendo wa pistoni 49.5, pini ya pistoni 15. Kama una Boxer au TVS, kazi ya pistoni na ringi ni ile ile, ila injini hizo zina cheni ya taimingi badala ya pushirodi. Tofauti hiyo tutaigusa ikifika mahali pake.

Kwanza hakikisha shida ni ringi

Usifungue injini kwa sababu ya moshi tu. Teremka mlima ukiwa umeachia resi, halafu vuta ghafla. Kama moshi wa bluu unatoka wingu moja kubwa pale unapovuta kisha unapungua, sili za valvu ndizo zinazovujisha oili, na hizo hazihitaji kugusa pistoni. Kama moshi unatoka muda wote na unazidi kadiri unavyovuta, hapo ringi na silinda zinahusika.

Kipimo cha pili: fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda, rudisha plagi, piga kiki. Kiki ikiwa nzito waziwazi kuliko mwanzo, kompresheni ilikuwa inapotelea kwenye ringi. Ikibaki laini vile vile, inapotelea kwenye valvu au gasketi ya hedi, yaani kichwa cha silinda.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Spana na soketi za 8, 10, 12, 14 na 17, na spana ya plagi.
- Fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia mianya, inayoanzia 0.03 mm. Hii si ya hiari. Asiye na fila geji anabahatisha.
- Venia, na mikromita kama unaweza kuazima.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukiikosa utafunga kwa mkono, lakini kwa adabu.
- Plaizi ya mdomo mrefu ya kutolea klipu.
- Pistoni kamili: pistoni, pini, klipu 2 na ringi zake. Usinunue saizi yoyote kabla ya kupima (hatua ya 6).
- Gasketi ya chini ya silinda, gasketi ya hedi, na sili za valvu. Sili ni za bei ndogo, na hedi tayari iko mezani. Kuziacha za zamani ni kujitafutia kazi ya pili.
- Oili mpya lita 2, SAE 20W-50 yenye alama ya JASO MA. Alama hiyo ni muhimu kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Oili ya gari huweza kuifanya iteleze.
- Petroli ya kuoshea, sabuni ya unga, ndoo ya maji ya moto, brashi ya plastiki, na vitambaa vyeupe vya pamba visivyotoa nyuzi. Fulana kuukuu inafaa sana.
- Vijiti 2 vya mbao vya mraba, unene wa sentimita 1 hivi, urefu wa kiganja.

Na mahali penye kivuli pasipo na vumbi. Uani penye mchanga na kuku wanaopita si mahali pa kufungulia injini.

Kazi yenyewe

1. Osha injini ikiwa bado imefungwa. Tope lililokauka kati ya mapezi ya silinda ndilo litakalodondokea kwenye krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya silinda, ukishafungua. Osha, kausha, kisha mwaga oili ikiwa ya uvuguvugu. Tazama kile kifuniko kikubwa cha chini chenye springi na chujio la wavu. Ukikuta vipande vinavyong'aa vya chuma kwenye wavu, simama hapo. Unga laini wa rangi ya fedha ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya kushikika kwa kucha vina maana kwamba kuna kitu kingine kimevunjika ndani, na pistoni mpya haitakiponya.

2. Toa tangi, kabureta, bomba la moshi na plagi. Fungua kifuniko cha juu cha hedi. Zungusha injini taratibu mpaka alama ya T kwenye sumaku ilingane na alama ya kwenye kava, na roka zote mbili, yaani mikono inayosukuma valvu, ziwe zinachezacheza. Kama moja imebana, zungusha tena duru moja nzima. Piga picha kwa simu kila unapofikia: roka zimekaaje, pushirodi ipi ilikuwa upande upi, bolti ipi ni ndefu. Zitie pushirodi alama, ya kuingiza na ya kutoa moshi, zirudi zilikotoka.

3. Legeza nati za hedi kwa msalaba, nusu duru kila moja, kisha zirudie. Ukifungua moja mpaka mwisho nyingine zikiwa zimebana, hedi inapinda. Hedi ikigoma kuachia, igonge pembeni kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mbao. Usiingize bisibisi kati ya hedi na silinda: alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja kwenye uso wa gasketi utavujisha kompresheni milele.

4. Inua silinda sentimita chache, kisha ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa kabla ya kuitoa yote. Hatua hii watu huiruka kwa haraka. Ringi iliyovunjika, kipande cha gasketi au klipu ikidondoka humo ndani, utapasua injini nzima kuitafuta.

Sasa toa klipu moja, sukuma pini itoke upande huo, pistoni ivutwe. Pini ikigoma, zungushia pistoni kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto sana, isubiri dakika 2. Alumini inatanuka kuliko chuma, pini itaachia yenyewe. Ukiigonga kwa nyundo bila kuishika pistoni upande wa pili, unapinda konrodi, yaani fimbo inayounga pistoni na krenki.

5. Kagua konrodi. Ishike kwa vidole viwili pistoni ikiwa imeshatoka. Ivute juu na kuisukuma chini bila kuzungusha krenki. Isicheze hata kidogo. Kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida, ila kucheza juu-chini maana yake beringi ya chini ya konrodi imekwisha, na ndiyo hiyo watu husema "injini imenoki". Kufunga pistoni mpya juu ya konrodi iliyonoki ni kutupa hela: itagonga, na ndani ya muda mfupi itaiharibu pistoni uliyoinunua.

Kisha paka pini mpya oili, iingize kwenye tundu la juu la konrodi. Iingie kwa kidole gumba na isitikisike. Ikitikisika, tundu limelika.

6. Pima silinda. Hapa ndipo panapoamuliwa kila kitu, kwa hiyo tukae kidogo.

Pitisha kucha ndani ya silinda kutoka juu kushuka. Karibu na mdomo wa juu utasikia ukingo pale ringi ya kwanza inapoishia. Chini ya ukingo huo ndipo pamelika zaidi, kwa sababu moto na mkandamizo ni mkubwa zaidi pale. Mikwaruzo ya wima inayokwama kwenye kucha haiponi kwa ringi mpya.

Kama huna geji ya kupimia ndani ya silinda, tumia ringi yenyewe. Chukua ringi ya kwanza, iweke ndani ya silinda chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki. Isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa bila kuinama. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kisha ipandishe mpaka chini kidogo ya ule ukingo wa juu, pima tena. Toa namba ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa 3.14. Jibu ndilo ulikaji wa kipenyo.

Mfano: chini mwanya ni 0.30, juu ni 0.65. Tofauti ni 0.35. Gawanya kwa 3.14, unapata 0.11 mm. Silinda hiyo imepita kiwango, maana 0.10 ndiyo mwisho. Inakwenda kuchongwa. Kama jibu lingekuwa 0.03 au 0.04, pistoni nayo ikiwa nzima, ringi mpya tu za saizi ile ile zingetosha.

Kwa hiyo jibu la lile swali la kwanza, "nibadilishe ringi tu?", linatoka kwenye fila geji. Rangi ya moshi haiwezi kulitoa. Ringi mpya ni duara kamili. Silinda iliyolika si duara tena. Ringi itagusa hapa na kuacha pale, na oili itapita palepale ilipokuwa inapita. Pikipiki itatulia wiki mbili, halafu moshi utarudi.

7. Ikibidi, peleka silinda ikachongwe. Saizi za pistoni hupanda kwa robo milimita: 25 (56.75 mm), 50 (57.00), 75 (57.25) na 100 (57.50). Namba huwa imegongwa juu ya kichwa cha pistoni. Soma namba iliyo kwenye pistoni ya zamani kwanza, maana huenda silinda ilishachongwa kabla yako. Kama imo 100 tayari na imelika, nunua silinda mpya na pistoni yake ya kawaida.

Nunua pistoni kwanza, upeleke pistoni na silinda pamoja kwa fundi wa leithi, yaani mashine ya kuchonga chuma. Silinda inachongwa kuifuata pistoni uliyoishika mkononi. Namba ya kwenye boksi isikutoshe. Pistoni mbili zenye namba 50 kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana kwa milimita 0.02 au 0.03, na hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo.

Nafasi kati ya pistoni na silinda inatakiwa 0.03 hadi 0.05 mm. Mwambie fundi namba hiyo, na mwambie amalizie kwa mawe ya kuhonia ili ukuta ubaki na michirizi inayokatizana kwa nyuzi 45 hivi. Ukuta uliong'arishwa kama kioo unapendeza kwa macho tu: oili haishiki, na ringi hazikai. Hakikisha pia mdomo wa chini wa silinda umelainishwa kwa mshazari, la sivyo utakata ringi wakati wa kuingiza.

Ukirudishiwa, pima mbele yake. Ingiza pistoni bila ringi pamoja na jani la fila geji la 0.03, upande wa mbele au wa nyuma, usipime upande wa pini. Inapita kwa kubana kidogo? Sawa. Jani la 0.10 lisipite kabisa.

8. Osha silinda kwa maji ya moto na sabuni. Tunarudia: maji ya moto na sabuni. Petroli inaondoa oili lakini inauacha unga wa mawe umejificha ndani ya michirizi, na unga huo ni msasa. Utakula ringi mpya ndani ya kilomita chache, halafu lawama zitamwendea muuza spea.

Sugua kwa brashi, suuza, sugua tena. Kisha futa ndani kwa kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Kikitoka na kijivu, bado. Rudia mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Mara nyingi ni raundi 3 au 4. Ikishakauka paka oili hapo hapo, kwa sababu chuma tupu kinaanza kutu dakika chache tu baada ya kukauka, hasa kwa walio pwani.

9. Pima mwanya wa kila ringi ndani ya silinda utakayoifungia. Hata kama ni seti mpya kutoka kwenye boksi. Ringi ya kwanza na ya pili: 0.15 hadi 0.35 mm. Vile viringi viwili vyembamba vya oili vinaruhusiwa mwanya mkubwa kidogo, 0.2 hadi 0.7.

Mwanya ukiwa mdogo kuliko 0.15, ringi ikipata moto inatanuka, ncha zinagusana, haina pa kwenda, inabana silinda. Ndiyo ile hadithi ya "nimefunga mpya, nikafika kona ya tatu ikajamu". Ongeza mwanya kwa tupa laini: piga ncha moja tu, ukisukuma tupa kutoka nje ya ringi kuelekea ndani ili kromu ya nje isimeguke, na upime kila baada ya misukumo michache. Mwanya ukizidi 0.5, saizi ya ringi au ya silinda siyo. Rudisha dukani.

10. Vika ringi kwenye pistoni, ukianzia chini.

Mfereji wa chini ni wa oili na una vipande vitatu. Anza na springi yake yenye mawimbi. Ncha zake zikutane uso kwa uso, *zisipandane*. Zikipandana, ringi ya oili haifanyi kazi na injini itavuta oili kama taa ya chemli inavyovuta mafuta. Kisha vika kiringi chembamba cha chini, halafu cha juu. Hivi havina juu wala chini.

Ringi ya pili mara nyingi ni nyeusi, na uso wake una mshazari mdogo usioonekana kwa macho. Ringi ya kwanza ina ukingo unaong'aa wa kromu. Zote mbili zina herufi ndogo karibu na ncha: R, N, T, TOP au namba. Herufi inatazama juu. Ringi ya pili ikigeuzwa inafanya kinyume cha kazi yake: badala ya kukwangua oili ishuke, inaipandisha kwenye moto. Hakuna kelele wala dalili nyingine ila moshi, na utahangaika mwezi mzima.

Zifungue kwa vidole gumba kiasi cha kupita tu, usizipanue wala kuzipinda. Ringi ni chuma cha kalibu, inavunjika kama biskuti. Zikishakaa, zizungushe kwa kidole. Ziteleze bila kukwama. Kama unatumia pistoni ya zamani, jani la 0.10 lisiingie kati ya ringi na ukuta wa mfereji wake.

Panga mianya. Ya ringi ya kwanza na ya pili iachane kwa theluthi ya duara au zaidi. Springi ya oili iwe sehemu yake, na vile viringi vyembamba kila kimoja mwanya wake usogezwe sentimita 2 au zaidi kutoka hapo, kimoja kushoto, kingine kulia. Usiache mwanya wowote ukitazama ncha za pini.

11. Funga pistoni kwenye konrodi. Hakikisha kitambaa bado kimeziba krenki. Juu ya pistoni kuna maandishi IN, au mshale. IN inatazama kabureta. Mshale unatazama bomba la moshi. Kwenye CG kabureta iko nyuma na bomba la moshi liko mbele, kwa hiyo huwezi kupotea. Sababu ni mbili: vile vichimbo juu ya pistoni vinazipisha valvu, na ya kuingiza ni kubwa kuliko ya kutoa, na kwenye pistoni nyingi tundu la pini limesogezwa kidogo pembeni ya katikati. Ukigeuza, injini inagonga, au valvu inapiga pistoni.

Weka klipu moja ukiwa mezani. Paka pini oili, ipitishe, kisha weka klipu ya pili ukiwa umefunika pistoni kwa mkono wa pili, maana klipu hupenda kuruka. Klipu ziwe mpya siku zote. Zigeuze ili uwazi wake uelekee juu kabisa au chini kabisa, usilingane na kile kichimbo cha kutolea. Jaribu kuzizungusha kwa ncha ya bisibisi ndogo: klipu iliyokaa vizuri inazunguka mferejini bila kutoka. Klipu ikichomoka safarini, pini inatambaa na kuichana silinda mtaro wa wima juu hadi chini. Hapo hakuna cha kuchonga tena.

12. Shusha silinda. Weka gasketi mpya ya chini ikiwa kavu, na pini za mwongozo mahali pake. Wanaopaka silikoni nyingi hapa wanaua roka: inayobaki hubanwa ikaingia tundu la kupandisha oili, ikakauka humo.

Pistoni iwe juu. Pitisha vile vijiti viwili vya mbao chini ya sketi yake, yaani sehemu ya chini ya pistoni, kimoja kila upande wa konrodi, juu ya mdomo wa krenki. Sasa pistoni imekaa imara kama kwenye kigoda na mikono yako yote miwili iko huru. Paka oili kidogo kwenye sketi na ringi, na filamu nyembamba ukutani mwa silinda. Matone yanatosha, ukimwagia kikombe, ringi zitachelewa kukaa na utaona moshi usio na sababu.

Shusha silinda kwa mkono mmoja, mwingine ukibana ringi kwa vidole, moja baada ya nyingine. Utasikia kila moja ikiingia: mguso mdogo, kisha silinda inashuka milimita chache. Ikigoma, usisukume wala kugonga. Inua, tazama ringi ipi imetoka nje, ibane tena. Ukishindwa kwa vidole, kata utepe wa kopo la soda, upinde kingo, uuzungushie kama mkanda. Ringi zote zikishaingia toa vijiti, toa kitambaa, shusha mpaka chini. Zungusha injini polepole kwa kiki huku ukiishikilia silinda isipande. Iende laini, bila kukwaruza.

Wenye injini za cheni: cheni ya taimingi ifunge kwa waya mwanzo hadi mwisho wa kazi isidondoke, na kabla ya kufunga hedi hakikisha alama za krenki na kamshafti zinalingana. Kitensha cha cheni, kile kinachoikaza, kitoe kwanza, kirudishe mwisho.

13. Hedi. Kwangua masizi kwa kipande cha mbao au shaba. Weka sili mpya za valvu. Ukiwa hapo, mimina petroli kwenye njia ya kabureta valvu zikiwa zimefungwa, kisha kwenye njia ya moshi. Subiri dakika chache: petroli ikijitokeza kwenye kiti cha valvu, valvu inataka kusagwa.

Gasketi mpya, hedi juu, pushirodi kila moja kwenye kikombe chake chini na juu. Ishike pushirodi na uizungushe kwa vidole kuhakikisha haijakaa kando. Kaza nati kwa msalaba kwa raundi tatu. Stadi za M8 zinataka 20 hadi 24 Nm mwishoni, bolti ndogo za M6 zisizidi 10. Bila spana ya toki, tumia spana fupi na nguvu ya kifundo cha mkono, usitumie bega. Uzi ukikatika ndani ya alumini, kazi ya jioni moja inakuwa ya wiki.

14. Seti tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, injini ikiwa baridi, alama ya T ikiwa sawa na roka zote zimelegea: 0.08 mm kwa zote mbili kwenye CG125. Kitabu cha pikipiki yako kikisema namba nyingine, fuata kitabu.

15. Tia oili. CG iliyofunguliwa hivi inachukua lita 0.9 hadi 1.1. Kiache kifuniko cha juu wazi, plagi ikiwa nje lakini imeshikizwa kwenye kofia yake na kugusa chuma cha hedi. Piga kiki 30 hivi, huku ukitazama roka. Oili lazima ionekane ikifika. Isipofika usiwashe, kuna tundu limeziba.

16. Washa, na uilee. Moshi kidogo wa dakika chache za mwanzo ni ile oili uliyopaka. Tazama uvujaji, kisha usiiache ikinguruma mahali pamoja nusu saa kama wengi wanavyofanya. Ringi hukandamizwa kwenye ukuta na nguvu ya mlipuko, na injini iliyo sailensa, yaani inayonguruma bila kuvutwa resi, haina nguvu hiyo. Endesha kilomita chache kwa mwendo wa wastani, ukivuta na kuachia, vuta na achia. Izime ipoe kabisa. Rudia mara mbili tatu, kisha kaza nati za hedi tena na upime tapeti, injini ikiwa baridi.

Kwa kilomita 500 za mwanzo usizidi mwendo wa 50 au 60, usipande mlima kwa gia kubwa huku injini inalia, na abiria awe mmoja. Tunajua hesabu ya bosi haisubiri kilomita 500. Lakini aliyepakia mishkaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, siku ya pili ndiye anayerudi kuuliza kwa nini moshi umerudi. Mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 50 hadi 100, hata kama inauma kuimwaga ikiwa inaonekana mpya. Ndiyo iliyobeba unga wa chuma wa ringi zikijikalisha. Mwaga ya pili kwenye 500.

Ikigoma au ikileta tabia

*Moshi wa bluu hauishi baada ya kilomita 300.* Kwa mpangilio wa uwezekano: silinda iliyolika haikuchongwa, springi ya oili imepandana, ringi ya pili imegeuzwa, ukuta wa silinda haukuhoniwa. Kama moshi ni wa kuvuta resi baada ya mteremko tu, rudi kwenye sili za valvu na gaidi zake, yaani vibomba zinamotembea valvu.

*Inazima ikipata moto, kiki inakuwa ngumu, ikipoa inawaka.* Pistoni imebana. Usiendelee kuilazimisha. Toa silinda, tazama sketi: mikwaruzo pande za mbele na nyuma ni nafasi ndogo ya uchongaji, alama zilizong'aa kwenye ncha za ringi ni mwanya mdogo. Kabla ya kulaumu vyote viwili kagua pia kabureta, kwa sababu mchanganyiko wenye petroli kidogo unapasha pistoni kupita kiasi.

*Inagonga kavu ikiwa baridi, sauti inapungua ikipata moto.* Pistoni inapiga kuta. Nafasi ni kubwa. Itatembea, lakini ringi hazitadumu.

*Mlio wa tiki-tiki juu.* Tapeti zimelegea, au pushirodi imekaa kando ya kikombe. Zima kabla haijapinda.

*Kompresheni hafifu mara tu baada ya kufunga.* Kabla ya kufungua tena, pima tapeti. Tapeti isiyo na nafasi inaiacha valvu wazi kidogo, na hilo peke yake linatosha kuifanya kiki iwe laini kama ya injini iliyochoka.

*Oili inatoka kwa nguvu kwenye mpira wa pumzi.* Mlipuko unapita ringi kwenda chini. Wakati ringi zinakaa, pumzi kidogo ni kawaida. Ikiendelea baada ya kilomita 500, fungua, na cha kwanza kutazama ni kama mianya ya ringi imejipanga mstari mmoja au kuna ringi iliyovunjika wakati silinda inashuka.